Chini ya Rangi

Kuna jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, nyuma ya nyumba yangu hapa Tanga, ambalo hakuna mtu aliyeliona wala aliyeniuliza. Halikuwa wizi, na sikumdanganya mtu kwa maneno. Nilifunika chuma kwa rangi, basi. Hata hivyo jambo hilo limenikosesha usingizi kuliko mengi niliyoyafanya mbele ya watu, na ndiyo sababu naliandika hapa, ili mimi nawe msomaji tulipime pamoja. Je, kuficha kasoro ambayo hakuna aliyeiulizia ni uongo? Na kama ni uongo, anayedanganywa ni nani?

Habari yenyewe inaanzia kwenye pikipiki. Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba katika milima ya Usambara, na mwaka 1964 alinunua BSA Bantam aina ya D7. Vijana wa bodaboda wa leo hawaijui, lakini wazee wengi wakiiona husimama. Kiwanda cha BSA kilikuwa Birmingham, Uingereza, na kilianza kwa kutengeneza bunduki kabla ya kuingia katika baiskeli na pikipiki. Bantam ya kwanza ilitoka mwaka 1948, na mchoro wake ulitokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambao Waingereza waliuchukua kama sehemu ya fidia baada ya Vita Kuu ya Pili. Hiyo D7 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Ilikuwa na injini ya cc 175 hivi, gia tatu, na ilikunywa petroli iliyochanganywa na oili. Haikuwa pikipiki ya matajiri. Huko kwao Posta iliwapa Bantam vijana waliopeleka simu za maandishi majumbani. Kwetu ilimpeleka baba kwa wakulima wa kabichi na viazi, na kumrudisha jioni akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Mwaka 1976 pikipiki hiyo ilivunjika fremu. Baba alikuwa amebeba gunia la mbolea, akaingia kwenye mtaro, na lile bomba la mbele linaloshuka kutoka kwenye shingo ya usukani hadi chini ya injini likakatika. Fundi mmoja mjini Lushoto aliliunga kwa gesi. Kiungo chake kilikuwa kinene kama kidole gumba, chenye mabonde na vilima, kama koa aliyelala juu ya bomba. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka maneno aliyomwambia baba wakati wa kuikabidhi: "Bwana shamba, nimeiunga, lakini mimi si kiwanda. Uwe unaiangalia kila Jumapili."

Na baba aliiangalia. Kila Jumapili alichovya kitambaa katika mafuta ya taa, akakifuta kile kiungo, kisha akainama na kukitazama pande zote kama kuna mstari mwembamba wa ufa. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Miaka ilikwenda, ufa haukuonekana. Baba alipostaafu pikipiki iliwekwa stoo, na alipofariki iliendelea kukaa humohumo, kuku wakitagia chini yake.

Nilipostaafu ualimu mwaka 2020 niliipakia kwenye lori nikaileta Tanga. Nia yangu ilikuwa moja tu: kuirudisha ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Nilitaka mtu aitazame asijue kama imewahi kupita katika tope la Usambara. Na kwa kuwa pensheni si ya kuchezea, na muda nilikuwa nao, nikaamua kujifunza kuchomelea mwenyewe hapohapo nyumbani.

Nilinunua mashine iliyokwisha kutumika, mojawapo ya zile ndogo za siku hizi ziitwazo inveta, ambazo mtu huibeba kwa mkono mmoja. Nikanunua kinyago chenye kioo cheusi, glavu za ngozi, grainda, na pakiti ya fimbo za milimita 2.5. Jirani yangu ni fundi wa mageti na madirisha. Ni kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, lakini katika hili mwalimu alikuwa yeye. Alikuja jioni moja, akanitazama nikihangaika, akacheka kwa heshima.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe unatazama moto. Usitazame moto. Tazama kidimbwi."

Ilinichukua wiki kadhaa kumwelewa. Fimbo ya kuchomelea ni waya wa chuma uliovikwa unga mgumu. Ukiigusisha kwenye chuma na kuiinua kidogo, umeme huruka katika ile nafasi, na joto lake la maelfu ya nyuzi huyeyusha fimbo na chuma kwa pamoja. Ule unga huungua ukatoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka, halafu hubaki juu yake kama ganda, ambalo hubanduliwa kwa nyundo kikisha kupoa. Macho ya mwanafunzi huvutwa na ule mwanga. Lakini kazi yote iko nyuma yake, katika kidimbwi kidogo cha chuma cha maji, kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi. Kidimbwi hicho kikigusa kingo zote mbili na kuzila, umeunga. Kisipozigusa, umepamba tu.

Nilipata pia mafunzo mengine ambayo hayakuhitaji mwalimu. Siku moja nilijaribu kuchomelea kipande cha bomba la maji lililopakwa zinki, nikavuta moshi wake, na usiku nikatetemeka kwa homa. Mafundi wetu husema dawa yake ni kunywa maziwa. Dawa ya kweli ni kuiondoa ile zinki kwanza, na kufanya kazi penye upepo. Siku nyingine, kwa uvivu, niligusisha fimbo mara tatu nne bila kinyago, nikifumba macho nusu. Sikusikia chochote. Nilioga, nikala, nikasali, nikalala. Saa saba usiku niliamka nikihisi mtu amenimwagia mchanga machoni. Mwanga ule una miale isiyoonekana inayounguza uso wa jicho, na maumivu yake hayaji wakati wa kosa. Huja saa kadhaa baadaye, mtu akiwa amekwisha kujiona salama. Mke wangu alinikatia vipande vya kiazi kibichi akaniwekea machoni, na asubuhi akanipeleka hospitali nikapewa dawa ya matone. Naikumbuka sana siku hiyo, maana nadhani ndivyo yalivyo makosa mengi ya watu wazima. Hayaumi yanapotendwa.

Fundi alinifundisha na namna ya kupima. Nilichomelea vipande viwili vya chuma chakavu, akavibana kwenye jiliwa, akakipiga kimoja kwa nyundo hadi kikajikunja kwenye kiungo. Kiungo kilifunguka kama mdomo. Ndani yake tuliona ukweli wote: tundu za hewa kama za mkate, ganda lililozama katikati ya chuma, na upande mmoja ambao kingo zake zilikuwa bado zimenyooka vilevile nilivyozikata kwa msumeno. Moto wangu haukuzigusa. Umeme ukiwa mdogo, chuma hukaa juu ya chuma kama ugali juu ya sahani, vimegusana, havikuungana. Umeme ukizidi, bomba jembamba hutoboka. Kwa fimbo zile mashine huwekwa baina ya ampea 60 na 90 hivi, na ndani ya nafasi hiyo mkono hutafuta njia yake. Nilivunja vipande vingi. Taratibu vikaanza kukataa kuvunjika.

Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo sikuwahi kuliwaza darasani kwa miaka yote niliyofundisha. Njia ya uhakika ya fundi wa nyumbani kukijua kiungo ni kukivunja. Lakini kiungo ulichokivunja hakina kazi tena, na kile utakachokitumia ndicho usichoweza kukivunja. Wenye mabomba makubwa ya mafuta na matangi ya mvuke wana mashine za eksirei na za mawimbi ya sauti za kuchungulia ndani ya chuma. Nyuma ya nyumba yangu hakuna eksirei. Kwa hiyo anayepanda pikipiki niliyoiunga mimi haamini chuma, maana chuma hakijui. Ananiamini mimi. Anaamini kwamba niliponyanyua kinyago na kuona kasoro, sikukishusha tena na kuendelea kana kwamba sikuona.

Nami niliona. Nilikuwa nimekata lile koa la mwaka 1976 kwa grainda, kwa sababu lilikuwa baya na halikuendana na ndoto yangu ya pikipiki iliyotoka kiwandani jana. Chini yake bomba lilikuwa limeliwa na kutu. Nilisafisha, nikalinganisha, nikachomelea. Upande wa mbele ulikuja vizuri kuliko nilivyotarajia. Upande wa nyuma, ule unaoelekea injini, mkono haukufika sawasawa. Fimbo ilinata mara mbili, moto ukarukaruka, na nilipobandua ganda niliona vitundu, na sehemu ya urefu wa ukucha ambapo chuma kilikuwa kimelala tu juu ya bomba.

Ilikuwa jioni, nimechoka, na mgongo unaniuma. Nilisimama pale muda mrefu. Halafu nikachukua grainda, nikasawazisha pande zote mbili hadi bomba likawa laini kama halikukatika kamwe. Kwa kufanya hivyo nilipunguza hata ile nguvu kidogo iliyokuwapo, maana chuma kilichovimba juu ya kiungo si uchafu. Nikapaka puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi mara tatu. Siku ya nne sikuweza kuiona kasoro hata mimi mwenyewe. Na usipoiona kasoro yako huanza polepole kuamini kuwa haipo.

Katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri mna kisa cha mchungaji mmoja, Gyges, aliyeokota pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni anakuwa haonekani. Kwa pete ile alimlaghai malkia, akamwua mfalme, akatawala. Anayekisimulia kisa hicho anauliza: tukimpa mtu mwema pete kama hiyo, ataendelea kuwa mwema? Au wema wetu ni woga wa kuonekana tu? Nilipokisoma ujanani nilidhani swali lile linawahusu wafalme na wezi. Sikujua kwamba pete ya Gyges huuzwa katika duka la vifaa, ndani ya kopo la rangi.

Kwa wiki tatu niliipanda pikipiki ile mjini Tanga, ambako barabara ni tambarare, nikienda sokoni na msikitini kwa mwendo wa mtu mzima. Watu walisimama kuitazama. Mzee mmoja aliniambia ni kama mpya, nami nikaitikia ahsante. Naungama kuwa neno lile lilinichoma kidogo, ila si sana. Nilijiambia kuwa likitokea la kutokea, atakayeumia ni mimi, na mwili wangu ni wangu. Hoja hiyo ina uzito wake. Mtu ana haki ya kujihatarisha kwa kiasi fulani. Wavuvi wetu hufanya hivyo kila alfajiri.

Ijumaa moja akaja mpwa wangu. Alikuwa ameoa karibuni, na alitaka kumpeleka mkewe Lushoto akasalimiane na bibi yake, yaani mama yangu mimi. Akaizunguka pikipiki mara mbili, akaipapasa tangi.

"Mjomba," akasema, "naomba nimpeleke kwa hii. Bibi akiisikia inapanda mlima atalia kwa furaha. Tutaondoka kesho asubuhi, tutarudi Jumapili."

Msomaji aliyewahi kupita barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ataelewa kwa nini koo lilinikauka. Ni kilomita 33 hivi za kupanda, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde lenye mto chini. Pikipiki yenye watu wawili hupanda pale ikitetemeka, na kinachoua fremu mara nyingi ni mtetemo kuliko pigo moja. Chuma nacho huchoka. Ufa mdogo hujifungua na kujifumba maelfu ya mara, kila mara ukisogea kwa unene wa unywele, hadi siku ambayo hakuna tena kilichobaki cha kushikilia.

Nilimjibu nini? Nilisema, "Breki ya nyuma haijakaa sawa. Tutazame kesho." Breki ilikuwa nzima kabisa. Tazama jinsi mambo yanavyokwenda: rangi niliyoipaka juu ya chuma haikuwa neno, na kwa hiyo niliweza kujitetea kuwa sikudanganya. Lakini ilipoguswa tu, ilizaa uongo wa maneno, tena kwa mtoto wa dada yangu, tena bila kusita. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na ombi la heshima la kijana.

Usiku ule niliyapima yote. Kwanza nilijaribu kujitetea. Je, si kila kitu duniani kimefunikwa? Ukuta hupigwa plasta. Geti husawazishwa kwa grainda lisikate mikono ya watoto. Rangi yenyewe ni kinga. Bila rangi, hewa ya chumvi ya Tanga ingeila fremu ile ndani ya miaka michache. Kama kila kufunika ni uongo, basi tuvue nguo na tubomoe nyumba. Tena, abiria wa basi hamuulizi dereva habari za kila nati. Je, tumtwishe kila mtu wasiwasi wa kila kitu tunachokijua?

Hoja hizo si za kupuuzwa, na zilinipeleka kwenye jibu ambalo bado naliona ni sawa. Kufunika si tatizo. Lipo funiko linalolinda kitu, na lipo funiko linalomzuia mtu asijue jambo ambalo, kama angelijua, asingekitegemea kitu kile kwa namna anavyokitegemea. Plasta juu ya ukuta imara ni ya aina ya kwanza. Plasta ileile iliyopakwa jioni juu ya ufa, kabla ya mpangaji kuja asubuhi, ni ya aina ya pili. Mkono ni uleule, mchanga ni uleule, na saruji ni ileile. Kinachotofautiana ni kile mpakaji anachokijua, na yule atakayelala chini ya ukuta. Abiria hamuulizi dereva kwa sababu anaamini kuwa kama nati imelegea, dereva asingeanza safari. Kutoulizwa kwake ndiyo amana aliyopewa. Mimi nilikuwa nimekufanya kutoulizwa kuwa ruhusa.

Nilimfikiria pia mke wa mpwa wangu. Yeye hata pikipiki asingeiomba. Angepanda nyuma tu, akimshika mumewe kiunoni. Angemwamini mumewe, mumewe angeniamini mimi, nami nilikuwa nimeiamini rangi. Hapo nilikumbuka habari ya meli ya Marekani iliyoitwa Schenectady. Ilikuwa meli ya mafuta, mpya, mabamba yake yameunganishwa kwa kuchomelewa badala ya kupigwa ribiti kama meli za zamani. Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, ikiwa imefungwa gatini huko Portland, katika jimbo la Oregon, maji yametulia na imetoka tu kwenye majaribio ya baharini, ilipasuka kwa kishindo karibu vipande viwili. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: chuma cha wakati ule kiligeuka kikavu kwenye baridi, na viungo vilikuwa na kasoro. Lakini jambo moja liliwafundisha wengi. Katika meli ya ribiti ufa huweza kuishia kwenye ukingo wa bamba, kwa kuwa mabamba yamelaliana tu. Katika meli iliyochomelewa mabamba yote yamekuwa mwili mmoja, na ufa hupita kutoka moja hadi jingine bila kugonga mlango. Kwa kuwa ulionekana, watu waliuchunguza, meli ikatengenezwa, ikarudi kazini.

Nadhani na sisi tuko hivyo. Kuunganika ni jambo jema. Ndugu, ndoa, ujirani, vyote vinasimama kwa kuunganika. Lakini walioungana kweli hawana ukingo ambapo kasoro ya mmoja huishia. Nilipojiambia kuwa mwili wangu ni wangu nilikuwa nasema kama bamba lililo peke yake. Mimi si bamba lililo peke yake. Nina mpwa, na mpwa ana mke.

Asubuhi mpwa wangu alikuja na kisanduku cha spana, tayari kutengeneza breki. Nilimkalisha barazani nikamwambia yote, tangu vitundu hadi puti, na habari ya breki pia. Nilitarajia hasira. Alikaa kimya, kisha akauliza swali moja:

"Sasa, Mjomba, wiki tatu zote hizi ulikuwa unaipanda mwenyewe ukijua?"

"Nilikuwa najua," nikasema, "halafu nikawa sijui."

Hakucheka. Waliondoka kwa basi siku hiyo. Nami nikamwita jirani yangu fundi, nikaondoa rangi niliyoipaka mara tatu, nikaondoa puti, tukalikata bomba palepale. Fundi aliligeuza kwenye mwanga, akakwaruza kwa kucha. Upande wa mbele ulikuwa umeungana vyema. Nyuma kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, ambapo kingo mbili zilikuwa hazijawahi kukutana.

"Ingefika Lushoto?" nikamwuliza.

Alifikiri kwa muda. "Mwalimu, hii ingeweza kwenda Lushoto na kurudi mara kumi. Na ingeweza isifike Soni."

Jibu hilo ndilo nililolihitaji, ingawa kwa wakati ule lilinikera. Ningependa aniambie kuwa ingevunjika, ili nijione mwokozi. Au kuwa isingevunjika, ili nijisamehe. Hakusema lolote kati ya hayo, kwa sababu hakulijua. Na kwa kutojua kwake nilielewa kuwa kosa langu halikungoja ajali ili liwe kosa. Lilikuwa limetimia siku ile nilipochukua puti. Kama wangekwenda na kurudi salama, wakinishukuru, ningekuwa nimewakosea vilevile, nao wasingejua kamwe. Bahati njema ingekuwa rangi ya nne.

Tuliingiza kipande cha bomba jembamba ndani ya lile bomba, kikashika pande zote mbili za mkato, halafu tukachomelea juu yake. Safari hii tuliitoa injini yote ili mkono ufike. Fundi alichomelea nyuma, mimi nikachomelea mbele, yeye akisimama juu yangu na kinyago chake. Nilipomaliza nilinyoosha mkono kuchukua grainda kwa mazoea, kisha nikairudisha. Kiungo kile hakijasawazishwa hadi leo. Kimepakwa rangi nyembamba tu ya kuzuia kutu, na kinaonekana wazi hata kwa mpita njia. Watu wanaojua pikipiki za zamani huniambia nimeiharibu sura, kwamba kiwandani haikuwa hivyo. Ni kweli. Lakini kiwandani haikuwa imevunjika pia.

Mababu zetu wa pwani walikuwa na jahazi liitwalo mtepe, ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari. Mishono yake haikufichwa. Baharia aliiona, aliigusa, na ilipolegea aliishona upya. Sidhani waliona haya kwa hilo. Haya ya mshono imetujia baadaye, tulipoanza kutaka vitu vyetu, na sisi wenyewe, tuonekane kana kwamba hatujawahi kupatwa na lolote.

Kinachoniuma zaidi sasa ni lile koa nililolikata. Wakati ule niliona ubaya tu. Leo naelewa kuwa ubaya ule ulikuwa ukweli wa fundi mmoja wa Lushoto, aliyejua mipaka ya kazi yake, akaiacha wazi ili mwenye pikipiki aweze kuilinda. Hakusema kuwa imepona. Alisema iangaliwe. Na baba alipokuwa akiifuta kila Jumapili kwa mafuta ya taa, nami nimeshika tochi, nilidhani anasafisha pikipiki. Alikuwa anaitikia neno la mtu aliyemwambia kweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Lakini kabla ya kuuziba sharti kwanza uweze kuuona.

Mama yangu bado hajaisikia Bantam ikipanda mlima. Mpwa wangu amesema watakwenda nayo mvua zikiisha, naye mwenyewe ameomba kunisaidia kuifunga injini, ajue kila nati ilipo. Jumapili iliyopita alipitia nyumbani. Nilichovya kitambaa katika mafuta ya taa nikainama. Yeye, bila kuambiwa, akawasha tochi ya simu yake akanimulikia.